Kusoma hali ya hewa ya kiwanja cha jeshi jangwani: mwongozo kamili kwa mfano wa Edwards, California

Machi 1982 chombo cha anga Columbia kilikuwa kwenye safari yake ya tatu, na kilipangiwa kutua kwenye ziwa kavu la Rogers, ndani ya kambi ya jeshi la anga ya Edwards, California. Mvua ikanyesha, ziwa likalowa. NASA ikapakia vifaa vya mapokezi kwenye treni na kuvihamishia White Sands, New Mexico. Siku ya kutua ilipofika, huko nako upepo ukapandisha mchanga, wanaanga wakaambiwa wabaki juu siku moja zaidi. Walitua tarehe 30, na vumbi jeupe la jasi likapenya hadi ndani ya chombo.

Angalia kilichowakwamisha: maji yaliyokuwa tayari ardhini, kisha upepo mkavu. Kwenye viwanja vya aina hii wingu si adui mkuu. Siku nyingi mbingu ni nyeupe pee, taarifa inasema hakuna wingu, na bado ndege ndogo haina kazi hewani saa hiyo. Atakayezoea kuuliza "kuna mvua?" atauliza swali lisilofaa. Maswali ya jangwani ni mawili: saa ngapi, na upepo unatoka wapi.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa urubani aliyekwenda kusomea upande ule wa Marekani, wa mpenzi wa simuleta (programu ya kuigiza urubani) anayetaka kuiruka Edwards kwa haki yake, na wa mtu anayependa tu kujua. Edwards yenyewe haipokei ndege za kiraia bila kibali cha awali, na anga yake ni eneo la zuio, lakini majirani zake Mojave, Lancaster na Palmdale wanashiriki hewa ileile. Hesabu zilizomo humu ni za kujifunzia. Kwa ndege halisi, mwenye amri ni kitabu cha ndege hiyo.

Hatua ya 1: Jua umekaa wapi

Fungua ramani kabla ya kufungua taarifa yoyote ya hewa. Edwards iko kwenye jangwa la Mojave, mwinuko wa kama futi 2,310 kutoka usawa wa bahari. Kusini kuna milima ya San Gabriel, kaskazini magharibi Tehachapi, na mbele zaidi kaskazini Sierra Nevada. Unyevu wa bahari ya Pasifiki unamwagwa upande wa pili wa milima hiyo, na hewa inayofika huku imeshakauka. Mvua ya mwaka wa kawaida haifiki milimita 200. Ukame huo na siku nyingi za anga safi, pamoja na ziwa kavu lenye ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 110, ndivyo vilivyowavuta wanajeshi hapa tangu kambi ilipoitwa Muroc. Rubani wa majaribio Chuck Yeager alivuka kasi ya sauti juu ya jangwa hili tarehe 14 Oktoba 1947.

Jambo la kukumbuka kwenye ramani ni pengo la Tehachapi. Upepo wa magharibi hubanwa pale na kutoka kwa kasi, na ndiyo maana vilima vile vimejaa mitambo ya kufua umeme wa upepo. Njia kuu za kurukia za Edwards, zile za zege, zimeelekezwa 22 na 04, yaani kusini magharibi na kaskazini mashariki, kufuata upepo unaotawala. Ile ndefu ina futi 15,000 na ushee.

Hatua ya 2: Geuza saa

Taarifa zote hutolewa kwa saa ya kimataifa, yenye herufi Z. Majira ya joto California iko nyuma ya Z kwa saa 7, majira ya baridi saa 8. Afrika Mashariki iko mbele kwa saa 3 mwaka mzima. Kwa hiyo taarifa ya 2255Z mwezi Julai ni saa kumi kasoro dakika tano alasiri kwa Edwards, na saa nane kasoro dakika tano usiku, tarehe ya kesho yake, kwa aliyeko Dar es Salaam au Nairobi. Ukiisoma asubuhi kwenye simu yako ukadhani ni hali ya asubuhi ya kule, umeshapotea.

Hatua ya 3: Soma METAR, uanzie mwisho

METAR ni taarifa fupi ya hali ya hewa ya kiwanja kwa saa husika. Chukua mfano huu niliouunda kwa ajili ya zoezi:

KEDW 152255Z 29022G33KT 5SM BLDU CLR 40/M02 A2980

Wengi hukimbilia katikati, kwenye mwonekano na mawingu. Jangwani anza mkiani. A2980 ni mgandamizo wa hewa, inchi 29.80 za zebaki. 40/M02 ni joto la nyuzi 40 na kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka matone, cha nyuzi 2 chini ya sifuri. CLR maana yake kipimo hakikuona wingu. BLDU ni vumbi linalopeperushwa, na 5SM ni mwonekano wa maili 5, kama kilomita 8. 29022G33KT: upepo kutoka digrii 290, noti 22 (noti ni maili ya bahari kwa saa), ukipiga kwa ghafla hadi noti 33. KEDW ni Edwards, na 152255Z ni tarehe 15, saa 2255Z.

Tofauti ya joto na umande hapo ni nyuzi 42. Kila nyuzi moja ya tofauti hukupa takriban futi 400 za kimo cha kitako cha wingu la kupanda, kwa hiyo wingu likijitengeneza litaanzia karibu futi 16,800 juu ya ardhi. Weka namba hiyo pembeni, tutaihitaji.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya DA

Hii ndiyo hatua ambayo singekubali mwanafunzi airuke. Mwinuko wa densiti, kwa kifupi DA, hukuambia ndege "inajiona" iko juu kiasi gani. Hewa ya moto imetawanyika. Injini inavuta hewa kidogo, panga la propela linashika hewa kidogo, na bawa vilevile.

Kwanza tafuta mwinuko wa mgandamizo. Toa mgandamizo uliosomwa kwenye 29.92, zidisha tofauti kwa 1,000, jumlisha na mwinuko wa kiwanja. Hapa: 29.92 kutoa 29.80 ni 0.12, sawa na futi 120. Ongeza 2,310, unapata 2,430.

Pili, tafuta joto la kawaida la mwinuko huo. Anza na nyuzi 15, punguza nyuzi 2 kwa kila futi 1,000. Kwa futi 2,430 inabaki kama nyuzi 10.

Tatu, joto halisi kutoa joto la kawaida, zidisha kwa 120, jumlisha. 40 kutoa 10 ni 30. Mara 120 ni 3,600. Jumla ni futi 6,030. Kiwanja kimeandikwa futi 2,310 kwenye ramani, ila ndege yako iko kwenye kiwanja cha futi 6,000.

Rubani aliyekulia uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, atacheka. Wilson ipo juu ya futi 5,500, na adhuhuri ya nyuzi 25 DA yake hukaribia 8,000. Kweli, ila Wilson haibadiliki sana: uliyoyazoea Februari utayakuta Septemba. Jangwa la juu lina tabia nyingine. Chukua asubuhi ya Januari pale Edwards, nyuzi sifuri, mgandamizo 30.10. Mwinuko wa mgandamizo ni 2,130, joto la kawaida ni nyuzi 10.7, na DA inashuka hadi kama futi 850. Njia ileile, ndege ileile, tofauti ya futi zaidi ya 5,000 kati ya majira na majira. Aliyejifunza Januari akarudi Julai na kumbukumbu za Januari mkononi ataona ndege imekuwa nzito bila sababu.

Kutua nako kuna deni lake. Kwenye DA ya futi 6,000, noti 70 kwenye dashibodi ni takriban noti 76 au 77 halisi. Mwendo huo wa ziada unaongeza nishati ya kusimamisha ndege kwa karibu asilimia 20 ukilinganisha na usawa wa bahari. Usijaribu kuifidia kwa kupunguza mwendo wa dashibodi: bawa linategemea dashibodi, ardhi ndiyo inayoona tofauti. Ukikaribia ardhi itaonekana inakimbia, na jicho litakushawishi uvute nyuma. Usilisikilize.

Kwa injini ya pistoni isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), soma kitabu kinasemaje kuhusu kupunguza mafuta kwenye mchanganyiko wa mafuta na hewa kabla ya kuruka. Mwanafunzi wa pwani huacha mchanganyiko umejaa kwa mazoea, kisha anaruka na injini inayokohoa.

Hatua ya 5: Pima upepo, na ujue kaskazini ipi

Upepo wa METAR hupimwa kwa kaskazini ya kweli. Namba za njia za kurukia ni za dira. Eneo hili dira hupotoka takriban digrii 12 kwenda mashariki, kwa hiyo toa 12. Upepo wa 290 unakuwa 278 kwa dira, na njia ya 22 inaelekea 220 na kitu. Pembe ni kama digrii 55.

Kwa pembe ya 55 sehemu ya upepo inayopiga ubavu ni karibu asilimia 80. Noti 22 zinakuwa 18 za ubavuni, na mapigo ya 33 yanakuwa 27. Cessna 172S ilionyeshwa kwenye majaribio kwa upepo wa ubavu wa noti 15. Umekwisha kupita hapo kabla hata pigo la ghafla halijaja. Ukisahau kutoa 12, pembe itaonekana 70 na hesabu itakuwa mbaya zaidi, lakini siku upepo ukitoka upande mwingine kosa hilo hilo litakupa faraja ya uongo. Upepo unaosomwa na mwongoza ndege mnarani, tofauti na METAR, hutolewa kwa dira, huo usiuguse.

Kisha linganisha vituo. Fungua KMHV ya Mojave, KWJF ya Fox Field Lancaster, na KPMD ya Palmdale sambamba na KEDW. Mojave iko jirani na mdomo wa Tehachapi na mara nyingi hupata upepo wa magharibi kwa nguvu zaidi. Ukiona Mojave imefika noti 25 huku Edwards bado ni 10, usihesabu hiyo 10 kuwa ya kudumu. Mojave ina faida yake: ina njia zinazoelekea pande tatu, na kwa upepo wa mfano wetu ile ya 26 au ya 30 ingefaa kuliko 22. Fox Field ina njia moja tu.

Hatua ya 6: TAF ya jeshi si kama ya kiraia

TAF ni utabiri wa hali ya hewa ya kiwanja. Ule wa kiwanja cha jeshi la anga la Marekani una mambo matatu ambayo wa kiraia hauna, na mgeni huyaruka kwa kutoyajua.

Mwonekano huandikwa kwa mita. 9999 ni kilomita 10 au zaidi, 8000 ni kilomita 8. Ukiisoma kwa maili utaandika vichekesho.

QNH2975INS ni mgandamizo wa chini kabisa unaotarajiwa kipindi hicho. Umewekewa hesabu yako ya DA, itumie. Tuseme mwishoni kuna TX41/1523Z na TN22/1513Z, yaani joto la juu nyuzi 41 saa kumi alasiri na la chini nyuzi 22 saa kumi na mbili asubuhi. Kwa QNH hiyo DA ya asubuhi ni kama 3,900 na ya alasiri 6,200. Siku moja, futi zaidi ya 2,200.

La tatu ni kundi la tarakimu sita linaloanza na 5. Hilo ni la mtikisiko. 520005: tarakimu ya 2 ni mtikisiko wa wastani wa mara moja moja kwenye hewa isiyo na wingu, 000 ni kuanzia ardhini, na 5 ya mwisho ni unene wa futi 5,000. Ukiona ya pili ni 6 au 7, huo ni mkali na bado hewani hakuna wingu la kukuonya. Kundi linaloanza na 6 ni la barafu kwenye mabawa; majira ya joto halikuhusu sana huku chini.

Hatua ya 7: Vumbi na chamchela

Kuanzia asubuhi kati jua huchoma ardhi bila usawa, hewa moto ikapanda kwa mapande, na chamchela zikaanza kutembea juu ya ziwa. Zenye vumbi unaziona. Zinazopita juu ya zege au ardhi ngumu hazina rangi, na hizo ndizo za kuogopa unapokuwa futi 50 kutoka chini. Tazama soksi ya upepo ya kila mwisho wa njia: zikielekea pande mbili tofauti kwa wakati mmoja, subiri dakika chache, chamchela ni mpita njia.

Vumbi la upepo wa jumla ni habari nyingine. Kutoka juu ukitazama wima unaona njia vizuri, ukadhani ni salama. Ukishuka kwenye mstari wa kutua unatazama kwa mlalo, kupitia maili kadhaa za vumbi, na njia inatoweka. Mwonekano wa METAR ni wa mlalo. Uamini huo.

Hatua ya 8: Majira mawili yenye mtego

Julai hadi Septemba unyevu hupanda kutoka kusini na mawingu ya ngurumo hujitokeza, hasa juu ya milima. Rudi kwenye ile futi 16,800. Mvua inayoanguka kutoka kimo hicho kwenye hewa kavu hukauka kabla ya kugusa ardhi. Utaona pazia la kijivu linaloning'inia na kuishia hewani. Kukauka kwake kunapoza hewa, hewa baridi ni nzito, inaporomoka na kutawanyika ikifika chini. Ndege inayopita hapo hupata kwanza upepo wa mbele, mwendo unapanda, rubani anapunguza nguvu ya injini. Sekunde chache baadaye upepo unageuka wa nyuma, mwendo unaanguka, na nguvu ameshaiondoa. Pazia hilo likiwa karibu na mstari wako wa kuruka au kutua, usiruke. Hapa sina "inategemea".

Majira ya baridi na machipuko mtego unatoka milimani. Upepo mkali wa magharibi ukivuka Sierra na Tehachapi hujikunja kuwa mawimbi upande huu. Tarehe 25 Februari 1961 Paul Bikle, aliyekuwa mkuu wa kituo cha NASA hapo hapo Edwards, alipanda mawimbi hayo kwa glaida, ndege isiyo na injini, hadi futi 46,267. Kinachompandisha mwenye glaida ndicho kinachomshusha mwenye Cessna, maana chini ya wimbi kuna hewa inayobiringika kwa ukali. Dalili ni mawingu laini yenye umbo la lenzi yaliyosimama papo hapo ilhali upepo unavuma. Yasipokuwepo usifurahi: hewa ikiwa kavu mno wimbi linakuja bila wingu. Linganisha upepo wa futi 9,000 na 12,000 kwenye utabiri wa upepo wa juu. Ukizidi noti 30 hivi na kukata milima, panga safari nyingine.

Hatua ya 9: Ziwa

Juu ya Rogers kumechorwa njia kwa mistari myeusi, zikielekea pande nyingi, na ndefu kuliko zote ina karibu kilomita 12. Columbia ilitua hapo safari ya kwanza, 14 Aprili 1981. Kwa jumla vyombo vya aina hiyo vilitua Edwards mara 54, ziwani na kwenye zege.

Uso ni udongo wa mfinyanzi. Kiangazi hupasuka, mvua za baridi huweka maji machache, upepo ukayasukuma huku na huku, yakabeba udongo laini na kuziba nyufa. Yakikauka ziwa limejitengeneza lenyewe. Katikati ya mzunguko huo ndipo pana hatari, kwa sababu juu panaweza kuonekana pakavu na chini kungali laini. METAR haisemi lolote juu ya hilo. Hali ya ziwa hutangazwa na kambi baada ya kukaguliwa ardhini, na mvua ya wiki iliyopita ina maana kuliko ya leo.

Kwenye simuleta jaribu kutua ziwani bila kutazama kipima mwinuko na utaelewa tatizo jingine: hakuna mti, jengo wala kivuli cha kukupa kipimo. Marubani wa majaribio walisindikizwa na ndege ya pili ambayo rubani wake aliwatajia futi zilizobaki.

Hatua ya 10: Chagua saa, kisha chagua pa kukimbilia

Ukishapata namba zote, saa hujichagua. Majira ya joto ni alfajiri hadi kama saa tatu asubuhi: hewa nzito, upepo mdogo, chamchela bado hazijaamka. Bawa jepesi la nguvu ya jua la NASA, Pathfinder, lililopaa kutoka Edwards Septemba 1995 na kupita futi 50,000, lisingeweza hata kutoka ardhini katika upepo wa alasiri. Jioni baada ya jua kutua hali hutulia tena, ila joto la zege hubaki na DA hushuka polepole kuliko unavyodhani. Majira ya baridi geuza: asubuhi ya kwanza baada ya mvua, mbingu safi na upepo umelala, ukungu unaweza kukaa bondeni hadi jua liuchome, basi saa tano huwa bora kuliko saa moja.

Kiwanja cha akiba kisiwe ndani ya bonde hilo hilo. Mojave, Fox na Palmdale ziko karibu na zinavutia, lakini wingu moja la vumbi linaweza kuzifunga zote tatu alasiri moja. Weka mafuta ya kuvuka Tehachapi hadi Bakersfield, kwa urefu wa kutosha kupita juu ya hewa inayobiringika pale kwenye pengo. Bakersfield nayo hufunikwa na ukungu mzito siku za Desemba na Januari, ila ukungu ule unahitaji hewa tulivu na vumbi la Mojave linahitaji upepo, kwa hiyo ni nadra kufungwa pande zote mbili siku moja. Hata hivyo fungua KBFL, taarifa ya Bakersfield, kabla ya kuwasha injini, na tena ukiwa angani.